Vichwa Sitini na Vinne

Rabat, 3 Novemba 1996

Mjomba Zayd,

Kopo limefika. Dereva wa basi alilishika kifuani kama mtoto, akaniuliza mbele ya abiria wote: "Binti, mjomba wako anakutumia mawe? Huko Rabat mawe yamekwisha?" Nikamwambia mawe haya yana macho. Hakunipa kopo mpaka nikafungua gazeti lililofunga jiwe moja na kumwonesha. Akatazama, akasema, "Huyu ananikumbusha mama mkwe wangu," akaenda zake.

Vichwa kumi na vinne vizima! Mjomba, hujui umenifanyia nini. Wanunuzi wa Alnif wanataka mdudu mzima, kichwa mpaka mkia, ili watu wa Ulaya wamweke sebuleni. Mimi nataka kichwa tu. Trilobiti wa aina hii, mdudu wa bahari ya kale aliyegeuka jiwe, mwili wake unafanana na wa jirani yake, ila jina analibeba kichwani. Nalitazama paji lake, kama ni laini au lina vipele. Natazama pembe ya shavu, imechongoka au imeviringika. Halafu nahesabu macho. Kila jicho lina vitufe vidogo vilivyopangwa kwa safu za kusimama, na idadi ya safu ndiyo inayomtenga mmoja na mwingine. Jana nilihesabu mpaka nikawa naona vitufe ukutani.

Nahitaji vingine, hata hamsini, kwa ajili ya tasnifu yangu. Ila niandikie kila kimoja kimetoka tabaka gani la mwamba. Hilo usilisahau.

Mama amesomewa barua yako ya kiangazi. Anasema umezidi kuandika kifupi.

Tuda


Alnif, 24 Novemba 1996

Tuda, mpwa wangu,

Nakutumia hamsini, kama ulivyoomba. Ukijumlisha na vya kwanza ni sitini na vinne. Nimevisafisha mwenyewe kwa sindano, jioni moja baada ya nyingine, na nimevipaka dawa ya viatu vipendeze.

Vichwa vitupu hapa havina mnunuzi, kwa hiyo usifikiri umeniondolea kitu mdomoni. Viko vingi mno. Wazee wa kazi hii husema mdudu huyu alipokua na gamba likambana, alikivua kichwa kizima kama mtu anavyovua kofia ya joho, akatoka kwa mbele, akaliacha joho lote nyuma. Kwa hiyo kila kichwa unachohesabu huenda mwenyewe aliendelea kuishi miaka mingi baada ya kukiacha. Hayo nimeyasikia kwa watu, mimi niliishia darasa la tano.

Umeuliza tabaka. Vyote vimetoka tabaka moja, la handaki langu hapa Adrar Amlal. Andika hivyo.

Baridi imeanza mlimani. Tunalala katika vibanda vya mawe bila udongo katikati, upepo unapita kama mgeni aliyezoea nyumba. Mkate upo, dengu zipo, chai ipo. Mkono wa kulia unanisumbua kidogo, ndiyo maana naandika kifupi. Mwambie mama yako hivyo.

Mjomba wako,
Zayd


Rabat, 12 Januari 1997

Mjomba,

Keti kwanza kabla ya kusoma.

Vitabu vyote vinasema katika milima ya huko kuna aina tatu za mdudu huyu. Wa kwanza ana paji laini na safu kumi na tatu za vitufe katika jicho. Wa pili ana vipele vichache na safu kumi na tano au kumi na sita. Wa tatu ana vipele tele na safu kumi na nane. Vinasema kila aina iliishi zama zake, mmoja juu ya mwingine mwambani, na hawakuonana kamwe.

Lakini wewe umenitumia wote watatu kutoka tabaka moja! Na wa katikati pia wamo, wanaojaza nafasi baina yao. Maana yake si aina tatu. Ni ukoo mmoja, wameishi pamoja, wanatofautiana kama watoto wa tumbo moja, huyu ana nywele nyingi na yule kipara. Majina mawili yatafutwa vitabuni, Mjomba, na atakayeyafuta ni msichana wa kijijini kwetu Taghbalut.

Profesa Lahlou, msimamizi wangu, alisoma hesabu zangu mara mbili. Si mama wa kusifu mtu. Akasema, "Huyu mjomba wako anajua anachokifanya?" Nikasema amechimba miaka kumi na moja. Juma lililopita amelitaja jambo hili katika mkutano, mbele ya watu waliotoka nchi nne.

Nimekuandika katika ukurasa wa shukrani. Zayd, mwenye handaki la Adrar Amlal.

Tuda


Alnif, 2 Februari 1997

Tuda,

Saumu njema. Barua imefika, nimeisoma.

Mimi si mtu wa vitabu. Hivi hilo tabaka lina uzito kiasi hicho? Kichwa si ni kilekile? Mwamba huku unavunjika, mawe yanabiringika, mbuzi wanapita. Tuseme kimoja kimeanguka kutoka juu kikaingia chini. Huyo mama profesa anaweza kufuta majina ya watu kwa sababu ya vichwa nilivyotuma mimi katika kopo la maziwa?

Usiniweke katika ukurasa wa shukrani. Haina haja.

Zayd


Rabat, 20 Februari 1997

Mjomba,

Kunyenyekea kumezidi sasa. Umo katika shukrani na hutoki.

Nikujibu kuhusu tabaka. Ukisimama handakini, kutoka kwenye goti lako mpaka begani inaweza kuwa miaka laki kadhaa. Wadudu waliolala pamoja katika unene wa kiganja waliishi pamoja. Waliotengana kwa kimo cha mtu hawakujuana. Kichwa kinaniambia anafanana na nani, na tabaka linaniambia alikaa na nani. Ukiondoa tabaka, nabaki na vichwa sitini na vinne vinavyofanana kidogo na kutofautiana kidogo, na sina la kusema. Kimoja kikianguka kutoka juu haidhuru. Lakini mchimbaji kama wewe hachanganyi.

Tasnifu inawasilishwa Juni. Nikipita, nafasi ya kuendelea na masomo ipo na jina langu liko mezani.

Mama alikuwa harusini kwa akina Hassu. Anasema wanawake walikuwa wanajigamba kwa watoto walioko Ufaransa, naye akawaacha wamalize, kisha akasema, "Ndugu yangu ana handaki, na handaki lake limeingia chuo kikuu." Unamjua mama.

Tuda


Rabat, 6 Aprili 1997

Mjomba Zayd,

Hukujibu barua ya Februari, wala ya Machi. Kama mkono umezidi kuuma, mwombe mtu akuandikie maneno mawili tu.

Nina habari njema. Profesa Lahlou amepata gari la chuo. Tunakuja Alnif tarehe tano Mei, siku tatu. Anataka kupima unene wa tabaka lako kwa mkono wake na kulipiga picha ukiwa umesimama ndani. Tutakuja na mahema, usihangaike na chakula. Tuoneshe njia tu.

Tuda


Alnif, 21 Aprili 1997

Tuda,

Idi Kubwa imepita juzi na sikwenda nyumbani. Nilikaa kibandani nikijaribu kuandika barua hii. Nimechana tatu. Hii naipeleka hata ikiwa mbaya.

Msije. Sina handaki.

Nilikuwa nalo, theluthi moja, miezi minane tu. Wenzangu walikuwa Bassu na kaka yake. Miaka mitatu iliyopita ukingo ulishuka nikiwa chini, mkono wa kulia ukavunjika kwenye kifundo. Mganga wa mifupa aliufunga, ukaunga vibaya. Siwezi kupiga nyundo kubwa tena. Asiyepiga nyundo hana sehemu, hiyo ndiyo sheria ya huku na sikuonewa. Bassu aliniambia, "Zayd, nikikubakisha kwa huruma utanichukia." Nikatoka.

Tangu hapo naokota kifusi. Kila handaki linatupa mawe yake pembeni, marundo kwa marundo, na sisi tusio na mikono tunayapekua baada ya wachimbaji kuondoka. Tuko kama kumi hivi. Wachimbaji wakituona wanapiga kelele, "Kuku wamefika! Watupieni shayiri!" Wengine wanatupa kweli kokoto tuinuke tukaangalie, halafu wanacheka. Siku za kwanza nilitupa mawe nikijibu. Sasa nainama tu.

Vichwa vyako vyote nimeviokota huko. Si vya tabaka moja. Ni vya mahandaki matatu, moja juu ya mlima, moja katikati, na la Bassu chini. Uliponiuliza tabaka, kalamu ilikuwa tayari mkononi. Kuandika "handaki langu" ilikuwa maneno mawili, na kuandika ukweli kungekuwa karatasi nzima kama hii. Nikaona kichwa ni kichwa, atamdhuru nani. Tena nikavipaka dawa ya viatu, kwa maana vile vya juu ni vyekundu, vya katikati vya manjano, vya Bassu vya kijivu, na mtu mwenye handaki moja hawezi kutoa rangi tatu. Hapo sikuwa na kisingizio cha kutokujua. Nilijua ninachokificha, ila sikujua kwamba ndicho hasa ulichokuwa unakitafuta.

Uliponieleza kuhusu goti na bega, nilielewa siku ileile. Nikakaa miezi miwili nikijua. Hilo ndilo baya kuliko yote na sina neno la kulifunika.

Naona aibu mbele yako, mtoto niliyembeba mgongoni. Naona aibu kwa mama yako na huo ukumbi wa harusi.

Zayd


Rabat, 30 Aprili 1997

Mjomba,

Nimepata barua. Nimemwambia Profesa kwamba safari imevunjika, sijamwambia kwa nini.

Sijui nikuandikie nini. Miaka miwili ya masomo. Ungeniambia "naokota" ningekupenda vilevile na ningefanya kazi nyingine. Hukunionea huruma mimi, ulijionea wewe.

Usinijibu kwanza.

Tuda


Rabat, 11 Mei 1997

Mjomba,

Barua ile fupi niliiandika nikiwa na hasira. Siifuti, ila kuna jambo sikukuambia, na leo nikikaa kimya nitakuwa mbaya kuliko wewe.

Katika vile sitini na vinne kulikuwa na vitano ambavyo havikukubali. Macho yake ni madogo, safu kumi tu, na paji limebanwa mbele. Havikukaa popote katika ngazi yangu nzuri. Nilivipima siku nzima mwezi wa Desemba, halafu nikavitia katika kopo la biskuti nikaliweka juu ya kabati. Katika tasnifu nimeandika vichwa hamsini na tisa. Nilijiambia vitano vile vimebondwa na mwamba. Havikubondwa, Mjomba. Vilikuwa vinaniambia ukweli wako miezi minne kabla hujausema, na mimi nikaviziba mdomo. Kwa hiyo tafadhali usilie peke yako.

Nimekwenda kwa Profesa Lahlou na kopo mkononi nikamweleza yote, yako na yangu. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali apandishe. Aliniuliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi umekuja kwa miguu yako." Kisha akachukua karatasi akaanza kuwaandikia wale wa nchi nne kwamba alichosema Januari si kweli. Nilisimama pale nikimtazama anaandika. Alimaliza ya kwanza akaniambia niende.

Juni nimeikosa, na ile nafasi ya masomo amepewa mwingine. Profesa amenipa mpaka Septemba, kwa sharti moja. Nimevifuta vichwa vyote kwa mafuta ya taa, dawa ya viatu imetoka. Kwa ndani, kwenye shimo la kichwa ambako sindano yako haikufika, mwamba bado umo. Vingi naweza kuona ni vyekundu, vya manjano au kijivu. Lakini rangi peke yake haitoshi, anataka aliyeokota aseme. Kwa kila namba uandike uliiokota rundo gani, na usipokumbuka uandike hukumbuki. Karatasi iwe na jina lako kamili, na namna ulivyovipata, na sahihi yako ithibitishwe na mhuri wa serikali ya mtaa. Itafungwa ndani ya tasnifu. Atakayeifungua ataisoma.

Nilimwambia hilo ni zito kwako. Akasema, "Najua. Nami nimeandika barua nne."

Ukikataa nitaelewa. Nitaanza upya na mawe mengine, itachukua miaka miwili, na pesa za miaka miwili baba hana. Nimekuwekea orodha, na picha ya kila kichwa nyuma na mbele.

Tuda


Alnif, 1 Juni 1997

Tuda,

Karatasi imo ndani ya bahasha hii, ina mhuri. Siku kumi na moja nilizunguka na picha zako kutoka rundo hadi rundo. Wachimbaji waliniona nikitazama picha halafu nikitazama kifusi, wakasema jua limenipata. Kila nilichokiokota mahali ninapopakumbuka nilikiandika. Juu ya mlima ni ishirini na kimoja. Katikati ni kumi na tisa. Kwa Bassu ni saba, na vile vitano vyako vya biskuti vyote vimo humo, vya chini kabisa, ambako mwamba ni mkongwe. Kumi na saba sikumbuki. Nilijaribu sana. Kuna siku nilikaribia kubahatisha, maana rangi ilikuwa inaniita, nikainuka nikaenda kunawa uso.

Kwa hiyo nadhani vitabu vilikuwa sahihi na aina ni tatu, au nne. Pole, mwanangu. Ulitaka kufuta majina, sasa utakuwa umeyalinda.

Sasa nikueleze habari ya mhuri. Ilikuwa siku ya soko na chumba cha karani kilijaa. Nilidhani atapiga mhuri tu kama anavyopigia watu karatasi za pikipiki. Yule bwana akavaa miwani akasema, "Mimi sithibitishi nisichokisoma." Akaanza kusoma, na sauti yake ni ya mwadhini.

"Mimi Zayd ou Moha, mzaliwa wa Taghbalut, natamka kwamba sina handaki..."

Nyuma mtu akasema, "Hilo tunalijua bila mhuri!" Wakacheka. Nikageuka, nikamwona Bassu mwenyewe kwenye benchi, amekuja kwa ajili ya cheti cha mtoto. Yeye hakucheka.

Karani akaendelea. "...natamka kwamba vichwa hivi niliviokota katika kifusi cha watu wengine, na kwamba nilivipaka dawa ya viatu ili rangi zake zisionekane." Akashusha miwani. "Dawa ya viatu? Ndugu, umekuja kujishitaki?"

"Nimekuja kupigiwa mhuri," nikasema.

"Kwa mawe?"

"Kwa mpwa wangu."

"Kama ni kwa ajili ya kosa, nenda kituoni kwa askari jandarme, chumba si hiki."

Bassu akasema kutoka kule kwenye benchi, "Sidi karani, soma umalize, watu wana kazi." Hakunitazama, na mimi sikuweza kumtazama.

Akasoma namba zote, moja moja, na rundo lake. Watu wakaacha kucheka kwa sababu ilichosha. Alipofika kwenye zile kumi na saba akasema, "Na hizi hukuzijaza."

"Nimezijaza. Nimeandika sijui."

"Mara kumi na saba? Weka chochote. Karatasi ya serikali yenye sijui nyingi hivi inaonekana vibaya."

"Sijui, Sidi. Iache hivyo."

Akalowesha mhuri.

Nilipotoka nje nikamkuta Hassu, yule wa nyumbani, mwenye harusi. Amekuja kuuza sufu. Alikuwa amesimama dirishani wakati wote, dirisha lilikuwa wazi. Akanisalimu, akaniuliza habari za afya, za mkono, za mvua, yote hayo macho yake yako kwenye viatu vyake. Mwisho akasema, "Zayd, kuna maneno nimeyasikia. Yanaweza kubaki hapa Alnif. Mimi ni mtu mzima."

Tuda, nilitaka kukubali. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Nikafikiria karatasi yangu imefungwa kitabuni mwako na mama yako hajui kusoma, angeweza kuishi maisha yake yote asijue, akajigamba harusini mpaka azeeke, na kila anayejua angemtazama akijigamba.

Nikamwambia, "Mfikishie dada yangu Itto kama ulivyosikia. Usipunguze."

"Hata ile ya kuku?"

"Ile hukuisikia kwa karani."

"Nimeisikia sokoni."

"Basi na hiyo."

Ameondoka na lori la adhuhuri. Barua hii itapita Rashidia, ikae siku moja, ije Rabat siku ya nne au ya tano. Lori linafika Taghbalut kesho asubuhi. Ukiisoma, mama yako atakuwa ameshajua.

Mjomba wako,
Zayd